Amri ya Kambini na Lugha ya Sokoni: Mapinduzi ya Kijeshi na Hatima ya Kiswahili Kasese na Bwera, Uganda

1. Utangulizi

Mapinduzi ya kijeshi ya Mali (2020 na 2021) na Niger (2023) yamefuatwa na mabadiliko ya hadhi ya lugha. Katiba ya Mali ya mwaka 2023 ilikishusha Kifaransa kuwa lugha ya kazi na kuzipandisha lugha za kitaifa kuwa rasmi. Mwaka 2025, Niger ilikitangaza Kihausa kuwa lugha ya taifa. Afrika Mashariki ilikwisha kupitia njia hiyo. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin, iliyotwaa madaraka kwa nguvu tarehe 25 Januari 1971, ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Makala hii inaeleza sababu za tangazo hilo kutozaa matunda, kwa kuitazama wilaya ya Kasese na mji wake wa mpakani, Bwera. Hoja ya msingi ni kwamba watu huipokea au huikataa lugha kulingana na njia iliyoifikisha kwao.

2. Lugha kama chanzo cha mgogoro

Wakati wa ukoloni, Wakonzo na Waamba waliwekwa chini ya ufalme wa Toro. Miongoni mwa malalamiko yao ni kulazimishwa kutumia Kitooro shuleni na katika utawala. Tarehe 30 Juni 1962, miezi michache kabla ya uhuru, vuguvugu la Rwenzururu likiongozwa na Isaya Mukirania lilitangaza kujitenga na Toro. Uasi huo uliendelea hadi Agosti 1982. Katika kipindi hicho Milton Obote aliisimamisha Katiba (1966), Amin akampindua (1971), Amin naye akaangushwa (Aprili 1979), kisha Tume ya Kijeshi ikamwondoa Rais Godfrey Binaisa (Mei 1980).

Mwaka 1974 Amin aliunda wilaya ya Rwenzori, ambayo baadaye iliitwa Kasese, na hivyo kuwapa Wakonzo utawala uliotengwa na Toro. Hata hivyo, uasi haukukoma. Mipaka ya utawala ilibadilishwa kwa amri ya siku moja, lakini imani ya wananchi kwa dola haikujengeka kwa njia hiyo.

3. Kiswahili cha kambini

Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za kikosi cha King's African Rifles. Kwa raia wengi wa Uganda, basi, kilisikika kwanza kinywani mwa askari kwenye vizuizi vya barabarani. Ni kweli kwamba upinzani dhidi yake, hususan Buganda, ulitangulia utawala wa Amin. Lakini miaka minane ya utawala huo iliukomaza. Aidha, wanajeshi wa Tanzania waliomng'oa Amin walizungumza Kiswahili, na wapiganaji wa NRA, waliofungua uwanja wa vita Rwenzori mwaka 1985, walikitumia pia. Lugha ya mkandamizaji ilikuwa ndiyo lugha ya mkombozi. Kila utawala ulipoanguka, Kiswahili kilibaki kikinasibishwa na bunduki.

Tangazo la 1973 halikuandamana na mpango madhubuti wa kuandaa walimu na vitabu. Katiba ya 1995 ikakitambua Kiingereza peke yake kuwa lugha rasmi, hadi marekebisho ya 2005 yalipokipa Kiswahili nafasi ya pili.

4. Kiswahili cha sokoni

Bwera inaonyesha upande mwingine. Hapo, kwenye mpaka wa Mpondwe na Kasindi, Wakonzo wa Uganda hukutana na Wanande wa Kongo, ambao lugha zao zinakaribiana sana. Wanapoongezeka wafanyabiashara wa makabila mengine, madereva wa malori na mawakala wa forodha, Kiswahili huwaunganisha. Hakuna amri iliyokipeleka huko. Kilipelekwa na mahitaji ya biashara.

Mpaka huo huo una majeraha. Waasi wa ADF waliushambulia Novemba 1996, na tarehe 16 Juni 2023 waliwaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, katika shule ya sekondari ya Lhubiriha. Kabla ya hapo, Novemba 2016, vikosi vya serikali vilivamia ikulu ya mfalme wa Rwenzururu mjini Kasese na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha katika machafuko ya siku hizo. Katika mazingira kama hayo, sera ya lugha inayoonekana kutoka mikononi mwa vyombo vya ulinzi itafufua shaka ya zamani.

5. Hitimisho na mapendekezo

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliazimia Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, na mwaka huo huo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Fursa hiyo inahitaji mambo matatu. Kwanza, ufundishaji wa Kiswahili ujengwe juu ya Kikonzo kinachotumika madarasa ya awali, badala ya kukiondoa. Pili, walimu wenyeji wa mpakani wapewe mafunzo kabla ya ulazima kuanza kutekelezwa. Tatu, matini za kufundishia zitokane na soko, zahanati na forodha. Kasese imekwisha kuikataa lugha iliyoletwa kwa shuruti. Kiswahili kisiletwe kwa njia hiyo tena, ilhali wakazi wa Bwera wamekwisha kukikaribisha kwa hiari.