Mazungumzo ya kazi yaanze kabla ya Gredi ya 9

WAZAZI wengi wa Malindi na Kilifi walisoma katika mfumo wa 8-4-4, ambapo swali la kazi aghalabu lilingoja matokeo ya Kidato cha Nne. Sivyo tena. Mwanafunzi wa Gredi ya 9 sasa huteua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi ya jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026.

Mtoto wa umri huo, asipoonyeshwa kazi nyingine, hutaja udaktari na urubani tu. Hapa mzazi ana la kufanya, hata kama hakusoma. Mvuvi wa Ngomeni huyaona baharini majukwaa ya Waitaliano, yaliyorushia setilaiti mwaka wa 1967. Samaki anaowavua hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Pwani, mjini Kilifi. Amtembeze mwanawe huko, waulize waliopo walisomea nini. Akiteua mkondo usio na biolojia kwa kufuata marafiki, mlango wa chuo hicho kilicho jirani, upande wa sayansi ya bahari, huenda ukamfungikia angali na miaka 15.