Usitupe Themostati, Ipime Kwanza

Gari likichemsha utasikia watu wakisema: "Toa themostati, nchi yetu ni ya joto." Usikubali upesi.

Themostati ni mlango mdogo wa maji ya injini. Ndani yake mna nta. Nta ikipata moto huvimba. Mlango hufunguka, maji huenda kwenye rejeta kupoa. Ukiitoa, injini hukawia kupata moto, hula mafuta mengi na husagika mapema.

Ngoja injini ipoe kabisa. Kifuniko cha rejeta kikifunguliwa kingali cha moto, maji huruka na kuunguza uso.

Itoe, itazame. Ikiwa wazi ingali baridi, imekufa. Ikiwa imefunga, ining'inize kwa uzi ndani ya kopo la maji, isiguse chini. (Sufuria ya chakula uiache. Maji ya rejeta huweza kuwa na dawa yenye sumu.) Bandika kopo jikoni. Themostati nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 90, yaani kabla maji hayajachemka. Maji yakitokota na mlango haujafunguka, nunua nyingine.

Ikifunguka, iache ipoe. Ikijifunga tena, ni nzima. Irudishe, kisha ukaangalie rejeta, mkanda wa feni na pampu ya maji.