Rangi ya Kinyonga Ndiyo Kauli Yake

Miongoni mwa viumbe ambao wanadamu wamewaingiza majumbani mwao ili wawafuge na kuwatazama, kinyonga ni mmoja wa wale wanaoumia kimyakimya. Paka akikanyagwa mkia hulia, na mbuzi akikazwa kamba hupiga kelele hata jirani akasikia. Lakini kinyonga aweza kupokezanwa mikononi mwa watoto tangu asubuhi hadi alasiri, na wakubwa wakatazama na kusema, "Oneni alivyotulia!" Aghalabu huwa hakutulia hata kidogo. Hofu imemshika, naye hana sauti ya kuombea msaada.

Yafaa basi tujifunze namna ya kumshika na kumpiga picha bila ya kumdhuru, hasa katika zama hizi ambapo kila nyumba ina simu yenye kamera, na kila kijana apenda kuonyesha wenzake alichokiona.

Tumchukue kwa mfano kinyonga wa pembe tatu, ambaye asili yake ni nchi za baridi za Mlima Kenya na Mlima Meru, juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Wataalamu walimwandika vitabuni mwaka 1896 kwa jina la Jackson, aliyekuwa mtawala na mpenzi wa ndege katika Afrika Mashariki. Dume ana pembe tatu usoni; jike hatagi mayai bali huzaa watoto hai. Kwa ajili ya sura yake hiyo ya ajabu, amechukuliwa kwenda kufugwa Ulaya na Marekani. Mwaka 1972 kundi dogo lao lilifikishwa Hawaii kwa biashara. Walifika wamekonda na kukaukiwa maji, wakaachwa katika bustani kwenye kisiwa cha Oahu ili nguvu ziwarejee. Wakatawanyika na kuzaana huko, na hata leo wanawala wadudu na konokono wa visiwa vile. Tazama jinsi safari moja yenye shida ilivyowaumiza wao kwanza, kisha wenyeji wao.

Ama kuhusu kumshika, jambo la kwanza ni kwamba mkono usimshukie kutoka juu. Adui zake wakubwa ni ndege, na kitu chochote kimwangukiacho kutoka juu, kwake yeye ni mauti. Ulete mkono polepole mbele yake na chini kidogo ya kifua, kama tawi jingine, kisha ungoje. Akitaka atapanda mwenyewe, mguu baada ya mguu. Asipotaka, mwache. Wala asivutwe kutoka katika tawi, kwani vidole vyake vimegawanyika mafungu mawili mithili ya koleo, navyo hukamata kwa nguvu. Avutaye kwa haraka huweza kumvunja kucha au kumtegua kiungo. Mkia nao ni kama mkono wake wa tano. Mjusi wa ukutani akikamatwa mkia huukata akakimbia, na mwingine ukaota. Lakini kinyonga hana hila hiyo, na mkia wake ukivunjika haurudi.

Akiisha kupanda mkononi, ukae chini au uuweke mkono juu ya meza, maana kuanguka kutoka kimo cha mtu mzima kwaweza kumvunja mifupa. Usimbane mbavu. Dakika chache zatosha. Jike mwenye mimba, na yule aliye mgonjwa, wasishikwe ila kwa dharura.

Jambo la pili ni kuisoma rangi yake. Wengi hudhani kwamba kinyonga hubadilika rangi ili afanane na kila anachokikanyaga. Sivyo. Mwaka 2015 wataalamu waliochunguza kinyonga wa Madagaska walieleza kwamba ndani ya ngozi yake mna chembe ndogo mno za fuwele, ambazo zikikaribiana au kuachana hurudisha mwanga wa rangi mbalimbali. Mabadiliko hayo hufuata zaidi hali ya moyo wake, joto la mwili wake, na ujumbe anaotaka kuwapa wenzake. Ni kweli kwamba asubuhi ya baridi hujitia weusi ili avute joto la jua. Lakini akiwa mweusi huku amejibapa ubavu, anayumbayumba, amefumbua kinywa na kutoa sauti ya kuvuma kama nyoka, hapo amekwisha sema: niacheni. Na akifumba macho mchana, au macho yakawa yamedidimia, huo si usingizi. Ni dalili ya kiu au maradhi, na yampasa apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Sasa tuje katika picha. Mpigaji mwema huifuata desturi ya mnyama, hamlazimishi mnyama aifuate kamera. Amwache kinyonga juu ya tawi lake, yeye ainame hata kamera ilingane na jicho lake, akiwa mbali kidogo. Mwanga wa asubuhi upitao dirishani au chini ya mti hutosha, na huonyesha rangi vizuri kuliko taa ya kamera imulikayo ghafula mbele ya uso. Taa kubwa za moto zisisogezwe karibu, kwani huyu ni mwana wa milima ya baridi, na joto jingi humuua upesi. Wala wasikutanishwe madume wawili ili picha ipambe kwa ugomvi wao. Kinyonga hupenda kukaa peke yake.

Wako watu ambao, kwa tamaa ya picha ya ajabu, humtia mnyama katika jokofu ili azubae, au humfunga kwa uzi, au humgandisha kwa gundi katika mkao wa kuchekesha. Picha hizo hupendwa na wasiojua. Lakini ni ushahidi wa mateso, na mwenye kuzisifu humtia mpigaji moyo wa kutesa mwingine.

Wazazi nao wana wajibu wao. Wawafahamishe watoto kwamba kinyonga hana sumu, na kwamba hofu ya kale inayowafanya wengine wampige mawe haina msingi. Mikono ioshwe kabla ya kumshika, isiwe na mafuta wala manukato, na ioshwe tena kwa sabuni baadaye, kwa kuwa wanyama wa jamii ya mijusi huweza kubeba vijidudu vya salmonela, navyo ni hatari zaidi kwa watoto wadogo. Vyombo vyake visioshwe mahali pa kuoshea vyombo vya chakula.

Na yule aliyeko porini, bora abaki porini. Biashara ya kimataifa ya kinyonga huyu inasimamiwa na mkataba wa CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973. Usiku, kinyonga alalaye kwenye ncha ya tawi huwa na rangi iliyopauka, na mwanga wa kurunzi humfichua mara moja. Mpige picha moja, uzime taa, uende zako. Akiwa wa aina adimu, usitangaze mahali ulipomwona, maana wachuuzi nao husoma.

Kiumbe aliye mikononi mwetu ni amana, na aliye mdogo asiye na sauti ni amana nzito zaidi. Picha njema ya kinyonga ni ile ambayo, baada ya kupigwa, mwenyewe angali juu ya tawi lake, rangi yake haikubadilika, na jicho lake moja likitazama mbele, jingine likitafuta nzi.