Madeni ya Dola Kubwa (4): Fedha ya Potosí na Mfalme Aliyefilisika

Mei 2025 Moody's iliishusha Marekani daraja la uaminifu wa mikopo, kama S&P ilivyofanya 2011 na Fitch 2023. Wengi wameshangaa, lakini waliofuatana nami tangu makala ya kwanza hawana sababu ya kushangaa. Tulimwacha Mfalme Felipe wa Pili wa Hispania amerithi madeni ya baba yake, akashindwa kuyalipa 1557. Leo tuingie Potosí.

Mlima ule ulioko Bolivia ya sasa uligunduliwa kuwa na madini ya fedha mwaka 1545. Wenyeji wa Andes walilazimishwa kwenda huko kwa zamu, wakapanda ngazi za mashimoni na mawe mgongoni. Mawe yalisagwa, yakachanganywa na zebaki, na watu wakaukanyaga mchanganyiko ule kwa miguu mitupu. Dhambi hii haifutiki kwa kusifia makanisa ya Sevilla.

Sehemu moja kati ya tano ya fedha yote ilikuwa ya mfalme. Ajabu ni kwamba merikebu zilipofika Sevilla, fungu lake lilikuwa limekwisha kuwekwa rehani kwa mabenki ya Genoa. Fedha ilipita tu Hispania ikienda kulipa vita vya Flanders na vya baharini dhidi ya Waturuki. Nyumbani nako, sufu safi ya kondoo wa Castilla iliuzwa ghafi, kisha Wahispania wakainunua tena ikiwa nguo zilizofumwa na wengine. Nimelisema hili miaka mingi na sitachoka: nchi inayodharau mikono ya mafundi wake haiokolewi na mgodi. Kati ya 1609 na 1614 Hispania iliwafukuza pia Wamorisko (wazawa wa Waislamu waliobatizwa) wapatao 300,000, wengi wao wakulima na mafundi hodari. Ulikuwa upumbavu, na ulikuwa ukatili.

Deni lilivyoua nguvu za jeshi linaonekana wazi Antwerp. Septemba 1575 Felipe alisimamisha malipo, na mabenki yakaacha kupeleka fedha Flanders. Askari waliokuwa wakidai mishahara ya muda mrefu waliasi, na tarehe 4 Novemba 1576 wakauvamia mji huo tajiri, wakapora, wakaua maelfu, wakachoma jumba la baraza la mji. Siku nne baadaye majimbo ya huko yaliyokuwa yakivutana yaliungana mjini Ghent kudai majeshi ya Hispania yaondoke. Hakuna adui aliyemdhuru Felipe kama askari wake mwenyewe asiyelipwa.

Marekani hukopa kwa sarafu yake yenyewe, na kwa hilo imemzidi Felipe. Hata hivyo, katika mwaka wa fedha wa 2024 ililipa riba kubwa kuliko matumizi yake ya ulinzi. Anayewashauri viongozi wa Washington aanze na hesabu hiyo kabla ya kuhesabu manowari.

Wiki ijayo tutakwenda Amsterdam, kwa Waholanzi walioishinda Hispania nao wakaja kulemewa na deni.