Moyo Kwenda Mbio Si Presha

Wiki hii nimeulizwa tena: "Daktari, moyo unanienda mbio, ninywe dawa gani ya presha?" Usinywe yoyote mpaka tujue kinachoukimbiza.

Mama mmoja alinijia na mashine yake ya kupimia presha, kaifunga kwenye kanga. "Tazama, mwanangu, presha 168!" Nikatazama. Namba ya juu ilisoma 112, ya katikati 70. Hiyo 168 ilikuwa ya chini kabisa, penye kialama cha moyo: ndiyo hesabu ya mapigo kwa dakika. Presha yake haikuwa na tatizo lolote. Naye alikwishameza nifedipini, dawa ya presha ya jirani, akashushia na maji ya kitunguu saumu.

Imani kwamba moyo kwenda mbio ni presha inaumiza watu. Presha ni nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa. Mapigo ni mara ngapi moyo unadunda. Presha inaweza kufika 190 na moyo ukadunda 70 tu. Nifedipini hutanua mishipa, presha hushuka, na moyo huongeza mwendo ili kufidia. Yaani kidonge alichokimeza autulize moyo kingeweza kuuchochea zaidi, na kumwangusha chini kwa presha iliyoshuka mno. Kitunguu saumu nacho hakirekebishi umeme wa moyo. Kitumie kuungia mchuzi.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hudunda mara 60 hadi 100 kwa dakika. Homa, upungufu wa damu, kuharisha, ujauzito, tezi ya shingo iliyozidisha kazi, mirungi, kahawa, hata dawa ya pumu ya kuvuta, vyote huweza kuukimbiza. Ukianza kukimbia ghafla na kutulia ghafla, nashuku njia za umeme wa moyo; wapo waliozaliwa na njia ya ziada. Ukidunda ovyo bila mpangilio, nataka kuziona valvu za moyo, kwa sababu maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni huweza kuziharibu, na moyo wa namna hiyo huweza kuleta kiharusi.

Basi: hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima. Andika yalianza saa ngapi, yakakoma saa ngapi. Acha mirungi. Njoo na dawa zote unazotumia. Pimwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, moyo ukiwa bado unakimbia, maana ukishatulia kipimo huweza kutoka safi. Dawa zipo, na baadhi ya njia za umeme huunguzwa kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa paja. Ukizimia, ukibanwa kifua au ukikosa pumzi, usingoje kukuche. Nenda hospitali usiku huohuo. Na vidonge vya jirani, tafadhali, mrudishie mwenyewe.