Mzizi Haubadiliki: Jeni Moja katika Kinywa cha Samaki, cha Ndege na cha Mtu

Mwanafunzi wa Kiswahili anayetoka Nyamugari, iwe ile ya Gitega au ile ya Muyinga, hahitaji kufundishwa kwa muda mrefu kwamba "amenyo" ya Kirundi ndiyo "meno" ya Kiswahili, na kwamba "ururimi" ndio "ulimi". Viambishi vya mwanzo vimetofautiana, sauti moja moja imegeuka, lakini mzizi umebaki. Tukikuta mzizi uleule katika lugha nyingi za Kibantu, tunasema lugha hizo zina asili moja. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba wataalamu wa elimu ya viumbe hufikiri kwa njia hiyohiyo wanapolinganisha jeni, na kwamba mfano wao mmoja mzuri umetoka katika maziwa yetu wenyewe.

Jeni ni nini? Ni kipande cha DNA chenye maagizo ya kutengeneza protini fulani. Ziko jeni ambazo kazi yake kubwa huonekana wakati kiumbe kingali kiinitete, yaani kinapoumbwa tumboni au ndani ya yai. Hizo ndizo zinazoamua mgongo uwe wapi, mguu uote wapi na taya lichukue umbo gani.

Jeni tunayoizungumzia huitwa BMP4. Imo katika ukoo wa jeni uliopewa jina kutokana na ujenzi wa mifupa. Mwaka 1965 daktari Marshall Urist wa Marekani alionyesha kwamba mfupa ulioondolewa madini, ukipandikizwa ndani ya msuli wa mnyama, huweza kusababisha mfupa mpya kuota mahali hapo. Baadaye protini zinazofanya kazi hiyo zilitambuliwa, na ikadhihirika kwamba BMP4 hufanya mengi zaidi ya mifupa: hushiriki katika kuumba uso, meno, macho, moyo na figo.

Hapa ndipo mwalimu wa lugha atakapojisikia yuko nyumbani. Protini ya BMP4 ya binadamu, inapotengenezwa, huwa na asidi amino 408. Lakini haiendi kazini ikiwa nzima. Sehemu ya mbele hukatwa, na asidi amino 116 za mwisho ndizo zinazopeleka ishara kwa seli nyingine. Tunaweza kusema kwamba sehemu ya mbele ni kama kiambishi awali, na sehemu ya mwisho ni mzizi.

Mzizi huo umehifadhiwa kwa namna ya ajabu. Kwa panya, kuku, chura, samaki na mtu, unakaribia kuwa sawa. Sababu si ngumu kuielewa: anayezaliwa na kosa kubwa mahali hapo mara nyingi haishi akapata watoto wa kumrithi. Mwaka 1995 watafiti walionyesha kwamba panya wasio na jeni hii kabisa hufa wakiwa bado viinitete. Hata nzi, ambaye hana uti wa mgongo, ana ndugu wa jeni hii. Mwaka 1993 ilionyeshwa kwamba sehemu ile ya mwisho ya protini ya binadamu huweza kumsaidia nzi mwenye upungufu kupanga vizuri upande wa mgongo na upande wa tumbo.

Sasa twende ziwani. Sato, perege na kuhe ni wa jamii ya samaki waitwao siklidi. Mukeke na ndagala hawamo. Ziwa Tanganyika peke yake lina spishi za siklidi zipatazo 240, na maziwa ya Nyasa na Victoria yana mamia. Vinywa vyao vinashangaza: wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe, wapo wanaovunja konokono, na wapo wanaonyofoa magamba ya samaki wenzao. Mwaka 2002 watafiti wa Japani, Terai, Morikawa na Okada, walilinganisha BMP4 ya siklidi wa Afrika Mashariki. Waliona kwamba mzizi umetulia, ila kile tulichokiita kiambishi kimebadilika kwa kasi isiyo ya kawaida.

Kuna na njia ya pili ya kubadilika: jeni ileile kutumika zaidi au kidogo. Mwaka 2004 iligunduliwa kwamba ndege wa visiwa vya Galápagos mwenye mdomo mnene hutumia BMP4 mapema na kwa wingi mdomo unapoumbwa. Watafiti walipoiongeza katika vifaranga waliokuwa bado ndani ya mayai, midomo yao ikawa minene. Mwaka 2005 Albertson na wenzake walikuta jambo la namna hiyo kwa siklidi wa Ziwa Nyasa: mkwanguaji wa mwani mwenye taya fupi na imara alikuwa na BMP4 nyingi zaidi katika taya lake kuliko mwenzake anayekula vijidudu vya majini.

Je, hayo yanamhusu mtu wa kilimani? Yanamhusu sana. Mdomo wa juu wa mtoto huungana kati ya wiki ya nne na ya saba ya mimba, na BMP4 ni mojawapo ya jeni zinazoshiriki. Panya walioondolewa jeni hii usoni walipata mdomo uliopasuka, na mwaka 2009 mabadiliko ya BMP4 yalipatikana kwa baadhi ya watu wenye hali hiyo. Jeni nyingine na mambo ya mazingira pia huchangia. Mama anayelaumiwa kwa uchawi au laana hana hatia, na mdomo huo hurekebishwa kwa upasuaji.

Jambo la mwisho ni maziwa yenyewe. Maji ya Gitega na Muyinga hushuka kwa mto Ruvubu, yakaingia Kagera, hadi Victoria. Humo, baada ya sangara kuletwa katika miaka ya 1950, spishi nyingi za furu, ambao nao ni siklidi, zilipotea, hasa katika miaka ya 1980. Lugha ikifa kabla ya kuandikwa, tunapoteza ushahidi wa mzizi na viambishi vyake. Samaki naye akitoweka, ushahidi wake huenda naye. Anayezuia udongo wa shamba lake usichukuliwe na mvua hadi mtoni analinda, pamoja na mavuno yake, maktaba ambayo bado hatujamaliza kuisoma.