Vile Vipele Havikuwa vya Joto!

Tulitoka Mikumi kwenda Kilosa kumsalimia mama mkwe. Usiku ule mwanetu akashikwa na homa, mafua, kikohozi, macho mekundu. Mume wangu akasema ni vumbi la njiani. Siku ya nne vipele vikatokea nyuma ya masikio, vikashuka usoni hadi kifuani.

“Joto tu hilo, mwanangu,” akasema mama mkwe.

Nikabisha, kwa adabu lakini! Vipele vya joto haviji na homa kali. Tetekuwanga nayo hutoa malengelenge ya maji yanayowasha. Hii ilikuwa surua. Hospitali wakampa vitamini A, kulinda macho.

Kadi ya kliniki ndiyo iliyotuumbua. Chanjo ya miezi 9 alipata. Ya miezi 18, kila mmoja wetu alidhani mwenzake kampeleka.